Siku moja maishani mwangu: natundika vyandarua vya ukungu Santa Rosa

Saa 11 alfajiri. Upepo wa kisiwa hiki hauna adabu, hema limepigwa makofi usiku kucha. Nipo Santa Rosa, pwani ya California, nimekuja kujitolea kwenye kazi ya kuurudisha mwaloni wa visiwani, ndugu wa ile mialoni ya Mamre tuliyosoma Sunday school. Huu duniani unaota wenyewe kwenye visiwa 6 tu, 5 vya hapa na Guadalupe ya Meksiko.

Saa 1 tuko juu mgongoni mwa mlima, mbele huoni kitu. Watu wa Lushoto ukungu huu mnaujua. Ila huku kiangazi mvua hakuna miezi na miezi, mti unaishi kwa ukungu, ukigonga majani unageuka matone yanadondokea mizizi, yani mti unajinyeshea mvua wenyewe! Nimesimama chini ya mmoja kofia ikalowa, pembeni kidogo tu vumbi.

Saa 3 mpaka saa 6 kazi. Kondoo na ng'ombe wamechungwa hapa zaidi ya miaka 100, ng'ombe wametolewa 1998, miche ilitafunwa, udongo ukasombwa mpaka mwamba uko nje, na pasipo mti ukungu unapita tu hakuna wa kuudaka. Ndo maana tunasimamisha nguzo na kutundika vyandarua, vidake badala ya mti, maji yachuruzikie miche tuliyopanda chini yake. Mikono imechubuka balaa.

Saa 7 chakula. Mbweha wa kisiwani, kimwili kama paka, kafungua zipu ya begi la mwenzetu kaondoka na mkate. Zipu jamani.

Saa 8 nikamuuliza kiongozi wetu, joto likizidi si miti itahamia juu kwenye baridi? Akanyoosha kidole: juu wapi? Kisiwa hakifiki hata mita 500, na miti tayari iko karibu na kilele. Ukungu nao ukianza kuelea juu zaidi, unatupita vichwani. Na mbegu zake huwezi kuzikausha ukaweka akiba kama mahindi, zikikauka zimekufa, kwahiyo lazima mti uwe hai mahali.

Saa 3 usiku, network imekubali, Tanzania kumekucha. Shikamoo mama. Marahaba, umeshindaje? Nikamwambia nimeshinda natundika vyandarua.

"Kumbe na huko kuna mbu?"