Ryan Grubb amerudi Alabama, na macho yangu yako kwa laini

Ni mwisho wa mwezi wa nane 2025, zimebaki siku chache timu ya mpira wa Marekani ya chuo cha Alabama ianze msimu na kusema ukweli miezi yote hii ya mapumziko hapa kwetu Roysambu stori imekuwa moja tu, kocha mpya wa ofensi, Ryan Grubb, Ryan Grubb, Ryan Grubb, mpaka watu wa ploti ambao hawajawahi kukaa chini waone hata robo moja ya mpira wa Marekani washalijua hilo jina. Mimi nimekuwa nikisema kitu kimoja tangu mwezi wa pili na kila saa nakatizwa, sasa wacha nikiandike hapa nimalize bila mtu kuniingilia. Tunabishania mahali si penyewe. Kila mtu anaongea nani atarusha mpira na atamrushia nani. Wale majitu watano wa mbele, yaani laini, wanaomkinga mrushaji na kumfungulia mkimbiaji njia, hakuna mwenye anawataja, na huyu Grubb kabla awe kitu kingine chochote ni mwalimu wa hao watano, hiyo ndiyo kazi alikulia.

Najua kuna wasomaji wangu wa raga na soka ambao hapa washaanza kupotea kwa hivyo nieleze kidogo. Timu ina kocha mkuu, halafu chini yake kuna kocha wa ofensi na kocha wa difensi. Wa ofensi ndiye anachagua mpango wa kila shambulizi timu ikiwa na mpira. Kutoka 2024 vyuo vikubwa viliruhusiwa kuweka redio ndani ya kofia ya mchezaji mmoja, na kwa ofensi huyo huwa ni kwotabeki, yule anayeongoza na kurusha mpira, kwa hivyo maneno yanafika moja kwa moja sikioni, lakini saa ya kuanzisha mchezo ikibaki sekunde 15 ile redio inazimwa. Saa yenyewe mara nyingi inaanza na 40. Yaani kocha ana kama sekunde 25 za kuangalia difensi imetoa nani imeingiza nani, achague, aseme, na kijana awapangie wenzake kumi. Baada ya hapo kimya, ni kijana na macho yake. Ndio maana kubadilisha huyu mtu mmoja kunaweza kubadilisha timu nzima hata kama wachezaji ni wale wale.

Kwa wale huwa wananiuliza mbona Alabama, homa ililetwa na binamu yangu, na yeye aliipata kwa riadha. Mercy Chelangat alichukua ubingwa wa mbio za nyika wa vyuo vya Marekani mwezi wa tatu 2021 akiwa na jezi ya Alabama, mwaka uliofuata Eliud Kipsang akakimbia mita 1500 kwa 3:33.74, rekodi ya vyuo wakati huo. Ukimfuata mtoto wa nyumbani mpaka Tuscaloosa huwezi kukwepa mpira, ule uwanja wao wa Bryant-Denny unabeba watu 100,077 na ni uwanja wa chuo jamani, wa wanafunzi. Tukashikwa hivyo.

Sasa Grubb. Yeye na Kalen DeBoer, kocha mkuu wa Alabama, wametoka mbali pamoja. Kuna chuo kidogo kinaitwa Sioux Falls huko South Dakota, DeBoer akiwa kocha mkuu pale alishinda mechi 67 akapoteza 3, na Grubb alikuwa mmoja wa makocha wake. Wakapitia Eastern Michigan, wakakutana tena Fresno State, halafu Washington, na hapo Washington ndio dunia ikawajua. Msimu wa 2023 kwotabeki wao Michael Penix alirusha yadi 4,903, wakashinda mechi 14 mfululizo na wakafika fainali ya taifa. Kocha mkuu Nick Saban alipostaafu tarehe 10 mwezi wa kwanza 2024 baada ya mataji sita pale Alabama, DeBoer akachukuliwa na Grubb akaja naye, lakini hata viti havijapata joto Seattle Seahawks wakamwita kwa ligi ya kulipwa akaenda. Mwaka mmoja tu. Timu ikamaliza 10-7, ikakosa mchujo, wakamfuta, na mwezi wa pili 2025 akarudi kwa rafiki yake.

Hapa ndio mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi chini ya ploti alituuliza swali ambalo mimi naliheshimu mpaka leo. Alikuwa ametusikiza weee, akasema, "Vijana, hebu niambieni, huyu mtu amefutwa kazi huko, nyinyi huku mnasherehekea nini?" Binamu akamjibu, "Mzee, ligi ya kulipwa ni kitu ingine," na akaanza kutaja wachezaji wa Washington mmoja mmoja, Penix, Rome Odunze, ile stori yetu ya siku zote. Lakini mzee hakuwa amejibiwa. Lile lalamiko kubwa la Seattle lilikuwa kwamba Grubb hakimbizi mpira vya kutosha, anapenda kurusha sana. Na ukiangalia hata ile fainali dhidi ya Michigan, 34-13, mkimbiaji wao Dillon Johnson aliingia na mguu mbaya, akaumia tena mwanzo kabisa wa mechi, na vile mbio ziliisha Penix akabaki anarusha huku anaangukiwa na watu. Difensi ikijua unarusha tu inakuja tu. Hilo swali la mzee ni la haki kabisa na mimi ningependa mashabiki wa Alabama walibebe badala ya kulifukuza.

Mwaka jana, 2024, tuliumia. Sijui kama naweza kueleza vizuri mtu ambaye hakuwa. Tarehe 28 mwezi wa tisa tulicheza na Georgia, huku kwetu ilikuwa saa nane na nusu usiku, Alabama wakaongoza 28-0 nikadhani nitalala mapema, Georgia wakarudi rudi rudi mpaka wakatupita 34-33 kumebaki dakika mbili na kitu. Shambulizi lililofuata, la kwanza kabisa, kwotabeki wetu Jalen Milroe akarusha mbali upande wa kulia kwa Ryan Williams, kijana wa miaka 17, nasema 17, watoto wa rika lake hapa wako kidato cha nne, akaruka akaudaka kati ya watu wawili, akajizungusha kwa mguu mmoja wale wakapita hewani, akaenda. Yadi 75. Ikaisha 41-34. Wiki moja baadaye timu hiyo hiyo ikapigwa na Vanderbilt 40-35, Vanderbilt ambao hawakuwa wametushinda tangu 1984! Halafu mwezi wa kumi na moja Oklahoma wakatupiga 24-3, hatukupata tachidauni (kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wao) hata moja, pasi tatu za Milroe zikaibiwa na moja ikarudishwa mpaka mwisho. Hapo mchujo wa timu 12 ukaenda.

Watu wengi walimwekea Milroe lawama yote, na mimi hilo sikubali. Kijana alifunga tachidauni 20 kwa miguu yake. Alirusha nyingine 16 na pasi zake 11 zikaibiwa, sawa, hiyo ni mbaya, lakini rudia ile mechi ya Oklahoma uangalie laini. Mimi nilifunzwa kuangalia na shemeji, mke wa binamu, ambaye alicheza raga chuoni akiwa propu, namba tatu kwenye skramu. Yeye akikaa kwa tivii haangalii mpira. Hata ukirushwa yadi hamsini yeye bado macho yako pale katikati. Siku moja nikamuuliza, shemeji unaona nini? Akaniambia niangalie miguu ya wale watano wa laini mpira ukianza tu kusonga, kama mguu wa kwanza unaenda mbele au unarudi nyuma, basi, na nihesabu ni wangapi wamerudi. Nilirudia Oklahoma nikitumia hiyo. Dauni ya tatu (timu hupewa majaribio manne, ndiyo dauni, kusonga yadi kumi), yadi mbili zimebaki, kitu ambacho timu ya Saban ilikuwa inachukua bila hata kufikiria, na unaona watu wetu mguu wa kwanza unaingia nyuma, kwotabeki anaanza kukimbia kabla hata hajamwona mtu. Huwezi kusoma difensi ukiwa unakimbia.

Kwa hivyo nikisikia Grubb amerudi mimi sifikirii yadi za Penix. Nafikiria ile laini ya Washington ya 2023 iliyopewa tuzo ya Joe Moore, tuzo ya laini bora ya mbele kwa nchi nzima. Senta wa ile laini, yule wa katikati, Parker Brailsford, yuko Alabama sasa hivi, alimfuata DeBoer. Kushoto kabisa kuna Kadyn Proctor, ambaye alitoroka akaenda Iowa akarudi bila kucheza hata mechi moja huko. Tumempoteza Tyler Booker, Dallas walimchukua wa 12 kwa drafti, pale timu za kulipwa huchagua vijana wa vyuo, na hilo pengo si dogo. Lakini vifaa viko. Na mkimbiaji wetu Jam Miller ameumia mfupa wa mtulinga mazoezini, hatacheza mechi ya kwanza, ambayo ndio inanipa wasiwasi zaidi kuliko kitu kingine chochote kwa sababu najua Grubb akikosa mkimbiaji anayemwamini mkono wake unaenda wapi.

Kwotabeki ni Ty Simpson. DeBoer alitangaza mwezi huu baada ya kuwapima yeye, Austin Mack na yule kijana mpya Keelon Russell. Kuna watu walitaka Russell aanze kwa sababu amekuja na sifa kubwa kutoka Texas, mimi nilikuwa wa Simpson tangu mwanzo. Huyu kijana ni mtoto wa kocha, babake anafunza timu ya chuo cha UT Martin kule Tennessee, na huu ni mwaka wake wa nne Alabama bila kuanza hata mechi moja. Alikaa nyuma ya Bryce Young, akakaa nyuma ya Milroe, na siku hizi ambapo mchezaji akikosa namba wiki mbili tu anahama chuo, yeye alingoja. Inanigusa sana hiyo. Kila mtu sasa anahama, na kutoka tarehe 1 mwezi wa saba 2025 vyuo vimeruhusiwa kuwalipa wanariadha wao moja kwa moja, mpaka kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka huu wa kwanza, piga hesabu hiyo ni zaidi ya bilioni mbili na nusu za Kenya. Na sipingi, vijana wamejaza viwanja miaka yote hiyo bila mshahara, walipwe. Lakini aliyengoja miaka mitatu nami nitamshangilia kwa sauti zaidi kidogo.

Binamu anasema Simpson hajajaribiwa. Ni kweli. Ndio maana narudi pale pale, usimpe kijana ambaye hajawahi kuanza mzigo wa kurusha mara arobaini. Mpe mbio, mpe pasi fupi fupi kwa Germie Bernard ambaye anaijua hii ofensi kutoka Washington, wacha laini ipate joto, difensi ikisogea mbele ndio umtafute Ryan Williams huko mbali. Grubb anayajua haya yote kuniliko. Swali ni kama atavumilia.

Na mechi ya kwanza yenyewe ni Florida State, kwao Tallahassee. 2024 walishinda mbili wakapoteza kumi kwa hivyo wengi wetu wanaihesabu kama imeshaisha. Mimi siihesabu. Kwa sababu na wao wamebadilisha kocha wa ofensi, wamemchukua Gus Malzahn, na shabiki yeyote wa Alabama akisikia Malzahn anajikuna kichwa, huyu ndiye alikuwa kocha wa wapinzani wetu Auburn 2013 wakati ule mpira uliokosa goli ulirudishwa uwanja mzima sekunde ya mwisho tukapoteza 34-28. Malzahn ni mtu wa kukimbiza mpira, atakimbiza mchana kutwa, hana aibu na hilo. Tena kwotabeki wao Thomas Castellanos alisema hadharani ati Alabama sasa hawana Saban wa kuwaokoa na haoni vile watamzuia. Binamu alikasirika wiki nzima. Shemeji yeye akasema wacha aongee, tutaona laini yao ni gani.

Wiki iliyopita baada ya Madagaska kututoa CHAN kwa penalti tulikaa pale nje tumenyamaza, halafu mzee wa duka akaanza tena, ati Benni McCarthy amekuja mwezi wa tatu tu na tayari timu ilimpiga Moroko, kwani huyo Grubb wenu anahitaji muda gani? Shemeji akamwambia, "Mzee, mpe robo mbili za kwanza." Nakubaliana naye. Mimi nitaangalia dauni ya tatu zikibaki yadi mbili au chini, kipindi cha kwanza tu. Akikimbiza pale, hata wakizuiwa mara moja, nitajua Seattle ilimfunza kitu. Akirusha zote, basi nitakuja hapa niandike tena na haitakuwa kwa furaha.

Mechi ni Jumamosi tarehe 30, saa nne na nusu usiku saa zetu, ambayo ni bahati kubwa maana nyingi za usiku huanza saa nane na nusu. Ila siku hiyo hiyo fainali ya CHAN iko hapo Kasarani, kwa hivyo Thika Road itakuwa imefungana, wa kutoka Juja na Ruiru mtoke mapema ama mje na njia za ndani. Ni kwa binamu kama kawaida. Pesa ya bando mtume kufikia Ijumaa jioni, na shemeji amesema mwenye anaongea wakati wa dauni ya tatu anakaa jikoni.