Nani Ameona?

Jana usiku binti yangu alininyooshea simu. "Mama, hii ni kweli? Wenzangu wote washaituma." Picha ya moshi na jina la mtaa, hakuna zaidi. Sikumjibu. Kimawazo nilikuwa nimesharudi Kaptembwo, mtaa wetu wa Nakuru, Februari 2013, siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi.

Kompyuta sita, vijana kumi na wanane. Niliwakalisha watatu watatu, wa huku na wa kule wakichanganyika, maana mwishoni mwa Januari 2008, katika vurugu za baada ya uchaguzi, kaka zao walikimbizana kwa mapanga humu humu Nakuru. Tulikuwa tunajifunza kutumia Ushahidi, ile tovuti waliyoianzisha Wakenya mwezi huo huo ili raia atume ujumbe wa simu na tukio lionekane kwenye ramani. Kabla mtu hajaweka alama nilimwuliza swali lile lile: nani ameona?

Mara simu zikalia, kama nne kwa pamoja. Ujumbe mmoja: Rhonda inawaka, jipangeni.

Viti vikasogea. Kijana wa Rhonda, mtaa wa jirani, alisimama akimpigia mamake. Hana salio. Akapiga tena, kama kwamba salio lingejileta lenyewe. Mimi mwalimu nilikuwa na mdomo mkavu. Mwenzake wa kompyuta ile, wa upande wa pili, ambaye kwa wiki mbili walisogezeana kipanya bila kusemezana, alikuwa ameinamia simu yake akibonyeza.

"Nimekusambazia salio la ishirini. Piga, weka spika."

Iliita mpaka nikafikiri itakatika. Kisha: "We, uko wapi? Maji yamechemka na unga hujaleta!"

"Mama, huko kukoje?"

"Kukoje vipi? Leta unga."

Nyuma yake watoto walikuwa wanapigia mpira kelele. Hakuna aliyecheka chumbani. Niliona vidole gumba vikifuta ujumbe, mmoja mmoja, wala sikuwa nimemwambia mtu afute.

Uchaguzi ulipita na mtaa wetu ukalala. Wapo waliotusifia darasa lile. Mimi bado namfikiria yule mama: ingekuwaje kama siku hiyo simu yake ingekuwa kwa kinyozi, inachajiwa?

"Sasa Mama, niitume?"

"Ngoja kwanza."

Nikachukua simu yangu, nikaanza kupekua majina, moja baada ya jingine, nikitafuta mtu ninayemjua katika mtaa ule.