Siku moja maishani mwangu: keki ya shosho hadi Rongai

Ninaoka keki nyumbani kwangu, Buruburu, Nairobi. Watu huziona kwenye picha, mishumaa ikiwaka. Jinsi zilivyofika pale mezani haionekani, na mimi hapo ndipo nguvu zangu zinapoishia. Hii ni Jumamosi yangu iliyopita.

Saa kumi na moja alfajiri naamka kuzigusa keki nilizooka jana usiku. Lazima ziwe zimepoa hadi katikati. Ukifunga keki yenye uvuguvugu, mvuke unalowesha kadi, na chini ya sanduku panalegea mteja akiwa ameshafika ngazini. Kufikia saa tatu nimemaliza kupaka krimu: mbili za kilo moja, na ile kubwa ya ngazi mbili, kilo nne, ya shosho wa Rongai, nje kidogo ya Nairobi, anayetimiza miaka 80.

Saa tatu na nusu niko mjini, River Road. Masanduku ya kilo moja hayanichukui dakika tano. Keki yangu ya inchi 8 hukaa juu ya ubao wa inchi 10, na ubao huo huingia kwenye sanduku la inchi 10. Ubao ubane, keki ndiyo iachiwe nafasi. Sanduku likiwa kubwa kuliko ubao, keki inateleza kila breki ikikanyagwa.

Shida ilikuwa kimo. Masanduku mengi ya dukani yana kimo cha inchi 5 hivi, na keki ya shosho na maua yake ilifika 9.

"Mama, chukua mawili, tukate moja chini, tuunganishe na selotepu," muuzaji akaniambia.

Nikabonyeza kona kwa kidole gumba. Kadi ikaingia ndani, haikurudi. Kilo nne juu ya kadi kama hiyo hupinda katikati, na krimu ikishapasuka hakuna kuificha. Nilipanda ngazi za majengo mawili zaidi ndipo nikapata la kadibodi ngumu, ile yenye mawimbi ndani, inchi 12 kila upande. Ubavu wake mmoja unafunguka kama mlango, keki unaisukuma ndani badala ya kuiteremsha kutoka juu. Shilingi 380. Nililipa bila kubishana.

Saa sita mteja akapiga simu.

"Dada, nimekutumia mtu wa boda, yuko karibu kufika."

Nikamweleza kwamba ya kilo moja ningempa, ya ngazi mbili haipandi pikipiki.

"Wengine si hutuma na boda? Na hii 380 ya boksi ni ya nini? Boksi si huja na keki?"

Akakata, akapiga tena. Teksi hataki, ni ghali. Kungoja hadi jioni hataki, wageni wamefika. Punguzo la boksi anataka. Dakika arobaini nzima, mimi nimesimama jikoni na simu begani, huku nikichoma vijiti vinne kwenye keki ya chini ili vibebe ile ya juu. Kijana wa boda akafika, mpira wa kufungia mizigo mkononi. "Mathe, naifunga hapa nyuma, haitacheza." Alikuwa na adabu, na simlaumu, lakini mpira ukipita juu ya kifuniko ndio mwisho wa maua. Nikampa mia ya mafuta akaenda zake. Mwishowe mteja akasema, "Basi ilete mwenyewe na matatu."

Nikaileta. Jogoo Road hadi mjini, kisha kwa miguu hadi kituo cha matatu cha Railways, watu wakinipita kwa mabega, mikono yote miwili chini ya sanduku. Sanduku la keki halishikwi ubavuni. Kwenye gari la Rongai nikalipia viti viwili. Siti zimelalia nyuma, kwa hiyo nilikunja leso nikaiweka upande wa tumboni, sanduku likakaa sawa mapajani. Leso ya pili nikafunikia kidirisha cha plastiki cha sanduku, maana jua lilikuwa upande wangu, na siagi huyeyuka kwenye nyuzi 32 hivi. Gari lililosimama kwenye foleni ya Lang'ata Road mchana linakaribia hapo.

"Mama, hiyo siti ina mtu?" makanga akauliza, mara tatu.

"Imelipiwa. Usiweke mtu."

Baada ya Bomas sikuangalia saa tena. Nilikuwa nahesabu matuta. Kila tuta ninanyanyua sanduku kidogo, mikono ichukue mtikiso badala ya keki. Hadi tunaingia Rongai vidole vya kushoto sikuvisikia.

Nilipofungua ule mlango wa ubavuni, ua moja lilikuwa limegusa ukuta wa sanduku. Moja tu. Huwa natembea na mfuko mdogo wa krimu na kisu kipana, nikalirudisha kabla mtu hajaliona. Mteja alisimama akaitazama keki kwa muda, kisha akanilipa yote, na 380 ya boksi ndani yake, na nauli juu yake. Sikuwa nimemwomba nauli.

Keki ilipokwisha kukatwa, shosho aliniita kando. Alitaka kujua kama lile sanduku narudi nalo, kwa sababu ana vifaranga na usiku ni baridi.

Nikamwachia. Nikamtobolea matundu kwa kile kisu kabla sijaondoka.