"Sista, mutoto anapauka"

Nimelala hadi saa nane mchana na bado namsikia mama yule. Ni Mkongomani kutoka kambi ya wakimbizi, na katika wodi yetu hapa magharibi mwa Uganda ni mimi tu ninayeongea naye Kiswahili bila kubabaika. Mwanawe ni njiti wa wiki 29, kilo 1.1, aliyezaliwa njiani akitanguliza matako. Juzi usiku, siku yake ya pili duniani, mama akaniita: "Sista, mutoto anapauka."

Nikamjibu, "Ni taa tu hiyo, mama."

Saa moja baadaye mtoto akaanza kusahau kupumua, moyo ukaenda mbio. Nikafikiria maambukizi, maana njiti akizorota sote huwaza hilo kwanza, na tukaanza antibiotiki. Kumpa si kosa. Kosa ni kwamba baada ya hapo nilitulia.

Ilikuwa wakati wa kubadilisha nepi ndipo nikaona tumbo limejaa, zaidi upande wa kulia, na ngozi karibu na kitovu ina rangi ya wino uliofutwa vibaya. Hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa 15 alipofika, sasa 7. Daktari akaja na ultrasaundi: damu imejikusanya chini ya utando wa ini.

Ini la njiti ni kubwa kwa mwili wake, laini, na mbavu hazilikingi vizuri. Kumvuta kwa kumshika tumbo wakati wa kuzaliwa kwaweza kulijeruhi. Damu ikibanwa na utando, mtoto huonekana mzima siku moja au mbili. Utando ukipasuka, humwagika tumboni. Na ana damu kiasi gani? Kama mililita 90 kwa kila kilo. Leo nimepima maji ya kiasi chake katika kikombe changu cha chai. Hayakufika nusu.

Hatukukimbilia upasuaji. Ukifungua tumbo unaondoa ule mbano unaosaidia kuzuia damu, na kushona ini laini hivyo ni kazi ngumu mno. Tukampa vitamini K na plazma za kusaidia damu kuganda, na damu mililita 22 kwa bomba la sindano. Akiba ikiisha, gari liende benki ya damu ya Fort Portal. Kisha nikabandika karatasi kwenye inkyubeta: asigeuzwe ovyo, asibonyezwe tumbo. Wanafunzi wetu hupenda sana kupapasa matumbo.

Jana usiku kucha nilipitisha tepu chini yake kupima tumbo kila baada ya saa tatu. Saa tisa sentimita 25. Saa kumi na mbili, 25 vilevile.

Nilipokuwa natoka, mama akauliza kama anaweza kumbeba. Nikamwambia bado, amguse kichwa tu. Akaweka kidole kimoja, akamtazama midomo muda mrefu.

"Sista," akasema, "leo taa yenu iko muzuri."