Saa tatu usiku gemu linastaki, kumbe ni simu ya dada

Kama miezi miwili hivi nilikuwa naamini kabisa watu wa intaneti wananipiga. Mchana nikicheza mpira onlaini kwenye PS4 mambo safi, ikifika saa tatu usiku ambapo ndo wachezaji wa maana wanaingia, pedi inakuwa kama inaenda kuomba ruhusa kwanza, nabonyeza pasi, mchezaji anatafakari, mpira ushachukuliwa. Nikapiga huduma kwa wateja, nikaambiwa "kaka zima ruta dakika tano alafu washa", nikazima, nikawasha, wapi. Nikapandisha kifurushi toka spidi ya Mbps 10 hadi 20, hela ikaenda, laga (huko kuchelewa kwa gemu) ikabaki palepale.

Sasa hapo ndo nilipochelewa kuelewa. Mechi ya onlaini haili intaneti kivile, mara nyingi hata Mbps 1 haifiki, kinachokula ni kudaunlodi gemu lenyewe na maapdeti yake. Gemu linachotaka ni vipaketi vyake vidogo (vipande vya data) viende na kurudi upesi, tena kwa mwendo uleule, na huo muda wa kwenda na kurudi ndo pingi, inapimwa kwa milisekunde. Pingi ya 80 iliyotulia mi naichukua kuliko ile inayoruka 30, 240, 50, 400, maana ya 80 mkono unaizoea.

Kwaiyo siku moja nikachomeka laptopu kwenye ruta kwa waya, nikafungua madirisha mawili meusi ya kuandikia amri (Command Prompt), moja linapingi ruta yenyewe (192.168.1.1), jingine linapingi seva ya Google huko nje (8.8.8.8), yote na ile -t mwishoni mwa amri ili yasisimame, nikaenda kula. Ruta inajibu milisekunde 1, nje 35, raha tupu. Saa tatu na robo dirisha la nje likaruka 680! Na ruta bado 1. Maana yake tatizo sio waya wangu wala njia ya ndani ya nyumba, ni pale mlangoni data inapotoka, kuna kifaa kinapaziba. Nikaingia kwenye ruta nikaanza kutoa kifaa kimoja kimoja, tivii ya sebuleni hamna, simu ya mama hamna, simu ya dada paap, pingi 36.

Dada alikuwa ametoka harusini Morogoro na simu ina mavideo ya kufa mtu. Anarudi kutoka kazini, anachomeka chaji, simu ikishika waifai inaanza kupandisha kila kitu kwenye hifadhi ya mtandaoni. Na kile kifurushi changu kipya kumbe kiliongeza upande wa kushusha tu, wa kupandisha nikipima ni Mbps 5 zilezile za zamani. Njia ikijaa, paketi hazitupwi, zinapangwa foleni kwenye memori mpaka foleni inakuwa ndefu, na kipaketi changu cha pasi kinakaa nyuma ya video ya bibi harusi anakata keki. Ni kama foleni ya Kimara, Dar, saa moja asubuhi kabla mabasi ya mwendokasi hayajaja.

Dawa yake ni kuingia kwenye ruta sehemu ya QoS (ya kupanga data ipi itangulie), unaweka kikomo cha jumla cha kupandisha chini kidogo ya ulichopima, mi niliweka 4.3, ili foleni isijengeke sehemu ambayo huna mamlaka nayo, alafu PS4 unaipa kipaumbele cha kwanza. Unapoteza spidi kidogo, ndiyo, ila sasa hivi hata dada akipandisha pingi inacheza 40 hadi 50. Kama ruta yako inakubali OpenWrt (programu huru ya kuendesha ruta), tafuta SQM, kipengele chake cha kusimamia foleni, inafanya hii kazi vizuri zaidi.

Kuna laga ambayo ruta haiwezi kuitibu, tukubaliane. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama km 200,000 kwa sekunde, na Dar mpaka Frankfurt ni karibu km 7,000 kwa mstari ulionyooka, kwenda na kurudi tayari milisekunde 70 na hapo kebo haijazungukia baharini. Kwaiyo ukiweza kuchagua seva chagua ya karibu. Na kuna siku kebo zenyewe zinakatika, Mei 12, 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika pamoja, siku hizo hata meseji zilikuwa zinasuasua, ukikaa unachezea setingi za ruta unajichosha bure.

Waifai sina mengi, kama unaweza vuta waya, vuta waya. Kama huwezi tumia 5 GHz ukiwa chumba kimoja na ruta, ukibaki kwenye 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11 ile ambayo majirani hawajajazana, na ruta usiiweke jirani na maikrowevu.

Lililonisumbua zaidi ni NAT, yaani ruta kuvificha vifaa vyote vya nyumbani nyuma ya anwani moja ya nje. PS4 ilikuwa inaniandikia Type 3, ile iliyobana zaidi, rafiki akinialika hatusikiani, kumbe nina ruta mbili, ya kampuni na ya kwangu, na zote zinafanya NAT. Yangu nikaigeuza iwe ya kurusha waifai tu, nikawasha UPnP (inayoruhusu gemu lijifungulie njia lenyewe) kwenye ile ya kampuni, ikaja Type 2. Ila kabla hujaanza kufungua poti (milango ya data kwenye ruta) angalia anwani ya WAN, ile ya ruta upande wa nje, ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 basi mmewekwa wateja wengi nyuma ya anwani moja, hata ufungue poti zote haitasaidia, waombe anwani ya umma. Na wale wa "badilisha DNS laga itaisha", DNS inatafuta anwani ya seva kwa jina lake tu, ukishaingia kwenye mechi haina kazi.

Dada mpaka leo hajui kwamba simu yake nimeiwekea mwisho Mbps 2. Juzi kaniuliza mbona video za Morogoro hazimalizi kupanda, nikamwambia ni mtandao tu, siku hizi uko hivyo.