Visima vya babu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii nimechelewa kuandika, manake kuna swali limenikaba tangu Jumatatu na aliyeniuliza ni mwanangu wa miaka 7. Tulikuwa tunaangalia picha ya zamani ya babu yangu, yule aliyenilea, akaniuliza, "Baba, babu yako alikuwa anaomba?" Nikamjibu harakaharaka, eeh, sana. Akauliza tena, "Alikuwa anaombaje?"

Nikanyamaza. Sio kwamba nimesahau, nakumbuka kila kitu. Babu alikuwa anaamka hakujapambazuka, anakaa kitandani miguu chini, anaanza kututaja mmojammoja kwa jina, kuanzia mkubwa mpaka aliyezaliwa juzi, sauti ya chini ila ukiwa chumba cha pili unasikia, na mimi utotoni nilikuwa naamka nasubiri tu jina langu lifike ndo nilale tena. Nilinyamaza kwa sababu nilijua swali litakalofuata: na wewe baba, mbona sijawahi kukusikia?

Basi usiku ule nikafungua Mwanzo. Na kuna kitu nimekisoma miaka yote sikukiona. Ibrahimu alimpata Isaka akiwa na miaka 100, Isaka akawapata Esau na Yakobo akiwa na 60, Ibrahimu akafariki akiwa na 175. Hebu piga hesabu. Wale mapacha walikuwa na babu yao mpaka wakafika miaka 15! Huwa tunapitwa kwa sababu sura ya 25 inasimulia kifo cha Ibrahimu kabla ya kuzaliwa kwao. Babu mmoja, tumbo moja, na bado mmoja wao akauza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha mara moja. Babu mcha Mungu hawezi kukuaminia wewe, mpendwa.

Ila kilichonishika ni sura ya 26. Ibrahimu alipofariki Wafilisti wakavifukia visima vyake kwa udongo, wivu tu. Sasa angalia, maji hayakukauka. Maji yalikuwa palepale chini, udongo ndo ulikuwa juu. Isaka akarudi akavichimbua na akavirudishia majina yaleyale aliyoyaita baba yake.

Nikajiuliza, udongo wangu mimi ni nini? Kwangu hakuna Mfilisti aliyekuja, nimeutia mwenyewe kwa mikono yangu. Simu nalala nayo naamka nayo. Uchovu wa kazi. Na kubwa kuliko yote, kinyongo. Kuna binamu yangu ambaye hatujaongea tangu tulipogawana vitu vya babu, na tulikuwa tunalala kitanda kimoja, tunasikiliza majina pamoja.

Na hapa niseme na familia zetu waziwazi, mnivumilie, maana naanza kujisema mwenyewe. Mzee anafariki, kaburi bado bichi, watu wameshagawanyika, grupu la familia linavunjwa linaundwa lingine la siri, mmoja anaficha hati, mwingine anahesabu nani alimuuguza siku nyingi zaidi, maneno yanatoka ambayo mzee angeyasikia angelia. Mbona hatujawahi kugombania kuomba? Mbona hakuna anayesimama kwenye kikao cha familia akasema hivi vingine gawaneni, mimi niandikieni ile alfajiri yake? Manake ile ndo ilikuwa imetushika tukadhani tunasimama kwa akili zetu! Tunaipenda sana Mithali 13:22, ya mtu mwema kuwaachia urithi wana wa wana wake, tunaisoma kama inazungumzia nyumba na pesa peke yake. Jamani. Kuna watoto wanakua kwenye hizo nyumba za urithi na hawajawahi kusikia jina lao likitajwa mbele za Mungu na mtu yeyote. Waamuzi 2:10, kikainuka kizazi kingine kisichomjua Bwana, na kizazi chenyewe kilikuwa kinakaa kwenye nchi ileile waliyorithi.

Isaka nae aligombezwa. Wachungaji wa mifugo wa kule Gerari walimwambia maji haya ni yetu, akakiita kile kisima Eseki akakiacha. Akachimba kingine, ugomvi tena, akakiita Sitna akasogea. Na hakuwa mnyonge, Abimeleki mwenyewe, mfalme wa Wafilisti, alishakiri kwamba Isaka ana nguvu kuliko wao. Kisima cha tatu hakuna aliyekuja kugombana, ndo Rehobothi, Bwana ametupa nafasi. Kisha akapanda Beer-sheba, na usiku uleule Bwana akamtokea akamwambia mimi ni Mungu wa Ibrahimu baba yako. Sisemi Mungu alikuwa anasubiri ugomvi uishe, andiko halisemi hivyo, lakini mimi limenichoma hapo.

Jana alfajiri nikakaa kitandani, miguu chini kama yeye, nikaanza. Mke wangu, mwanangu, dada zangu, shangazi. Nikafika kwa binamu nikakwama. Nikamruka, nikamaliza wengine wote, nikasema amina, halafu nikashindwa kunyanyuka. Nikakaa palepale mpaka nikarudi nikamtaja. Jina tu, neno lingine halikutoka.

Nafungua mlango namkuta mwanangu amekaa chini nje ya chumba, kajifunika shuka. Akaniambia, "Nimelisikia langu, ni la pili."

Leo mchana nimempigia binamu, hajapokea. Nitampigia tena jioni. Mniombee.