Nani Amekuleta?

Saa nane za usiku, Roma. Dada yangu Salma anakoroma kitanda cha pili na mimi nimeamka tena kumjibu yule bibi wa Orvieto. Usiku wa tatu huu. Jibu la jana lilikuwa zuri kuliko la juzi, na la leo, wallahi, lingemziba mdomo kabisa. Shida ni kwamba mwenyewe amelala zake huko juu ya jabali na hana habari kwamba tunagombana.

Ilikuwa hivi. Orvieto ni mji uliopandishwa juu ya jabali; treni inakuacha chini, kisha unapanda kibehewa kinachovutwa mlimani kwa waya. Huko juu, kila hatua tatu kuna duka la vyombo vya udongo vilivyopakwa rangi. Nikaingia moja kwa sababu ya jagi dogo lenye picha ya jogoo wa buluu, jicho moja kubwa kuliko jingine, kama jogoo aliyesikia habari za watu. Nikasema huyu ni wa Mama. Mwenye duka ni bibi wa miaka sabini hivi, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Nikamsalimu kwa Kiitaliano cha marehemu Baba, kile cha adabu, cha "Lei". Mnaonisoma tangu zamani mnamjua Baba: Kiitaliano chake alikiokota San Marco, kituo cha Waitaliano cha kurushia roketi pale Ngomeni, akiwapelekea chakula kwa mashua mafundi wa roketi. Akatufundisha kwamba mtu mzima usiyemjua hupewi ruhusa ya kumwita "tu" hivi hivi. Ni sawa na kumpita mzee barazani bila shikamoo.

Bibi akauliza nimejifunza wapi. Nikasema Malindi. Uso ukamwaka wote.

"Malindi! Nimekwenda mara tano! Jambo, jambo!"

"Karibu tena, signora."

"E chi ti ha portata qui?"

Na wewe, nani amekuleta huku?

Sikilizeni hiyo "ti", ndiyo "tu" ile ile. Namtolea "Lei" yangu iliyopigwa pasi, ananirudishia ya watoto na vijana wa ufukweni. Na mimi mtu mzima wa miaka 41, mwenye zamu zangu na watu chini yangu, nikajibu nini? Nikajibu, "Nimekuja na dada yangu." Kwa kisauti, kama mtoto aliyeulizwa nani kavunja glasi.

"Dada yako ameolewa hapa?"

"Hapana, signora."

"Ah," akasema.

Hiyo "ah" ndiyo inayoniamsha.

Halafu akalifunga jagi kwa gazeti, akalizungusha mara ya kwanza, ya pili, akaingiza vidole kwenye mkono wa jagi kuujaza makaratasi usije ukavunjika njiani, akaligandisha kwa utepe. Akanipunguzia yuro 2. Bora angekuwa mkorofi. Mkorofi unamwacha dukani kwake.

Mtu wa Malindi haelezwi maana ya swali lile. Kwetu mwanamke akisikika yuko Italia, hakuna anayeuliza amekwenda kuona nini. Wanauliza kachukuliwa na mzee yupi. Na mimi nimechanga miaka miwili kwenye chama cha akina mama wa Shella. Habari za viza niliziandika hapa, taarifa za benki nilipeleka mara tatu, sizirudii. Jibu la usiku wa kwanza basi lilikuwa: nimeletwa na chama, signora. La usiku wa pili lilikuwa refu: je, watu wenu walipokuja Ngomeni miaka ya sitini wakasimika jukwaa la roketi katikati ya bahari yetu, mpaka tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ikarushwa kutoka pale ikaitwa Uhuru, kuna aliyewauliza wameletwa na nani? Baba aliwapelekea samaki. Tamu, lakini kwa Kiitaliano changu lingenichukua mpaka magharibi, na kulikuwa na wateja wengine.

Mengine ya wiki: Jumatano Salma alikula kiapo mbele ya meya na sasa ni raia wa Italia, baada ya miaka 10 ya kukaa na mingine ya kusubiri karatasi. Bologna nimetembea chini ya baraza mpaka soli zikalia. Ziko kilomita 62 kwa jumla, mvua inanyesha na wewe unavuka mji mkavu. Tortellini zao zina nguruwe ndani, kwa hiyo mimi nilikula tortelloni za jibini. Mnara wa Garisenda umezungushiwa uzio tangu 2023, umeinama kiasi kwamba ukiutazama nawe unainamisha shingo. Firenze, foleni. Siena kuna ukuta wa kanisa kuu ulioachwa umesimama peke yake tangu tauni ya 1348, hakuna aliyerudi kuumalizia. Na mkate wa Toscana hauna chumvi. Nilidhani wamesahau, nikaonja wa duka la pili.

Tulipotoka kwa yule bibi tulikwenda kwenye kisima cha Mtakatifu Patrizio. Papa Clement VII alikimbilia Orvieto Roma ilipoporwa mwaka 1527, akaamuru kichimbwe ili mji ukizingirwa usife kwa kiu. Ni shimo la meta 53, na limezungukwa na ngazi mbili zilizojisokota, kila moja vidato 248, ili nyumbu wanaoshuka kuchukua maji wasigongane na wanaopanda nayo. Katikati kuna madirisha. Salma alikuwa ametangulia, ameshafika chini na kuanza kupanda. Nikamwona dirishani ng'ambo ya shimo, mdogo kama kidole, ananipungia mkono. Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu vidato na kutunga matusi ya adabu.

Sasa jibu la usiku huu. Limenijia nikiwa nimelala chali, fupi, la Kiswahili kabisa: nimeletwa na miguu yangu. Nikacheka peke yangu gizani. Nikalirudia mara mbili tatu, nikilionja, na kwenye ile ya tatu nikasikia sauti si yangu.

Mwaka 2019, mapokezi ya hoteli, zamu yangu ya usiku. Alikuja msichana wa gauni la njano, kanyeshewa, kabegi kadogo mkononi. Hata karibu sikumwambia. "Umeletwa na nani?" ndivyo nilivyomwuliza, maana ndivyo tulivyozoea kuwauliza wasichana wetu wakifika pale usiku, wa kizungu hatuwaulizi.

"Nimeletwa na miguu yangu, dada," akasema. "Chumba nimelipia tangu juzi. Tazama kitabu chako."

Nikatazama. Jina lipo, siku tatu, amelipa zote. Mwalimu kutoka Voi, amekuja kupumzika. Ninamkumbuka alivyosimama, maji yanamdondoka kwenye vigae, mimi natafuta ufunguo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Pole sikumpa. Nadhani nilisema "ah".

Kwa hiyo hata jibu lenyewe ni la wizi.

Nikachukua simu nione saa, nikakuta ujumbe wa Athumani wa tangu jioni. Stima zimepotea mtaa mzima tangu Jumapili asubuhi, transfoma imelipuka, hakuna aliyekuja kuitazama. Kwenye friza kuna nguru mzima wa kilo 6 wa akika ya Jumamosi, na friza nimeitia kufuli kwa sababu ya wale watoto wanaokuja kuiba barafu. Athumani anauliza ufunguo niliuweka wapi. Nimeupapasa sasa hivi: uko hapa, mfuko wa pembeni wa mkoba wangu, chini ya tikiti za treni.